Mgombea Asiyejipigia Kura

Mwalimu Fapohunda aligombea ugavana wa jimbo la Ekiti kwa tiketi ya Chama cha Chungu, na hilo lenyewe lilikuwa kichekesho tosha. Chama hakikuwa na gari wala ofisi, na bango lake pekee pale mtaani lilishaliwa nusu na mbuzi wa jirani. Lakini mzee wa watu alistaafu ualimu, akakuta barabara ni mashimo yaleyale, akasema hanyamazi. Mimi mtu wa namna hiyo nampenda, mnisamehe.

Ekiti huchagua gavana wake mwaka wa peke yake, nchi nzima ikiwa imeshamaliza uchaguzi na kutulia, kwa hiyo macho yote huwa kwao. Polisi humwagwa kutoka majimbo mengine, na redio haina habari nyingine. Ukiaibika mwaka huo, umeaibika kweli.

Na aibu ndiyo aliyoiogopa. Kushinda hakukumpitia hata akilini. Aliogopa kupata sifuri kwenye kituo cha mtaani kwake, Oke-Iyin, mbele ya watu aliowafundisha kusoma. Mkewe, Mama Morenike, muuza akara, zile bajia za kunde, alikuwa kiongozi wa akina mama wa Chama cha Jembe, chama kikubwa, na alishamwambia mbele ya wateja kwamba ndoa ni ndoa na kura ni kura. Sifuri ikitoka, alisema, hicho chungu akirudishe jikoni.

Utasema si angejipigia mwenyewe? Mwingine angejipigia. Huyu alikuwa amewafundisha watoto miaka nenda rudi, kila wakichagua kiranja, kwamba mwenye adabu hajipigii kura, humpa mwenzake. Asubuhi ile alishika karatasi, kidole kimeshalowa wino, akasimama weee, mpaka karani akakohoa. Halafu akampigia mgombea wa Chama cha Taa, mtu ambaye hata hamjui. Alitoka jasho likimchuruzika, akijiita mjinga.

Jioni watu walijaa kusikiliza hesabu. Msimamizi aliinua karatasi mojamoja, na umati ukahesabu naye kwa sauti. Jembe, Jembe, Taa, Jembe. Mwalimu alisimama nyuma kabisa. Karatasi zilikuwa zimebaki chache, naye ameanza kutafuta upenyo wa kuondokea.

"Chungu," akasema msimamizi. "Moja."

Watu wakaangua kicheko. Kolapo, fundi pikipiki, mwanafunzi wake wa zamani, akageuka nyuma kumtafuta. "Mwalimu, si ulituambia mwenye adabu hajipigii? Leo adabu umeiacha nyumbani?"

Kicheko kikazidi. Mwalimu angesema si yeye, nani angemwamini? Na ni nani basi, mbona hata yeye hakujua?

Mama Morenike alikuwa amekaa mbele na wenzake, kilemba cha Jembe kichwani. Akasimama. Kolapo alidhani anakuja kuongeza utani, akampisha.

"Hiyo kura ni yangu, Kolapo," akasema. "Mume wangu hajipigii, hata umshikie panga. Nimezeeka naye, ningekosa kulijua hilo? Ningemwacha na sifuri?"

Wenzake wa Jembe wakamuuliza kama anajua alichofanya. Akasema anajua. Basi wakamwambia kiongozi wa namna hiyo hawamtaki, na kilemba akivue. Akakivua palepale, akakikunja vizuri, akawakabidhi, akabaki na mvi zake nje mbele ya mtaa mzima.

Mwalimu alimfikia macho yamemjaa machozi, wala hakuyaficha. Akamuuliza kwa nini alimtisha vile wakati moyoni ameshaamua.

"Ungejua, ungenikataza," akasema mkewe. "Ungeanza habari za cheo changu."

Kesho yake redio ilitangaza kwamba Jembe limeshinda jimbo zima kwa kishindo, na Mwalimu akaketi kumwandikia gavana mpya pongezi, na kumkumbusha mashimo. Nje, Mama Morenike alikuwa akikaanga akara. Matokeo ya vyama vikubwa yalipokwisha kusomwa redioni, wateja wakarudi kwenye soga zao, maana nani anasikiliza vyama vidogo? Akagonga upawa kwenye ukingo wa karai.

"Nyamazeni," akasema, "wanakuja kumtaja mume wangu."