Mkwe Katikati ya Picha

Siku mume wangu alipokinunua kile kifaa hapa Kahama, aliyemuuzia alimwambia kinaitwa gimbo, na tangu hapo neno hilo halikumtoka mdomoni. Ni mpini wenye kichwa kinachojizungusha chenyewe. Unabana simu pale kichwani, unawasha, unarekodi huku unatembea, na picha inatoka imetulia hata kama mkono wako unatetemeka. Ukiinamisha mpini, simu haiinami. Ukigeuka ghafla, yenyewe inageuka polepole kwa maringo, kama bibi harusi anayejua anatazamwa. Mume wangu ana duka la vipuri vya karasha, zile mashine za kusagia mawe ya dhahabu, na siku zake zote ni kelele na mtikisiko. Labda ndiyo maana alikipenda kifaa kile kuliko anavyonipenda mimi. Simsingizii. Mimi sijawahi kufutwa vumbi kwa kitambaa laini kila jioni na kulazwa kwenye mkoba wangu mwenyewe wenye zipu.

Kifaa kilikuja na mwendo wake. Alijifunza mtandaoni kwamba ukitaka picha isirukeruke lazima ukunje magoti, utangulize kisigino, upige hatua fupi na ubane pumzi. Basi mtu mzima mwenye kitambi akawa anazunguka sebuleni kwetu Nyasubi kama mwizi wa kuku. Alirekodi ukumbi. Alirekodi pazia. Alinirekodi mimi nasonga ugali, akinizunguka taratibu kwa magoti yaliyokunjwa, na ukiitazama video hiyo utadhani nyumba yetu ni hoteli ya kifahari yenye mpishi mmoja aliyekasirika.

Kisha tukaenda Nkome, kando ya ziwa, kununua dagaa. Wanawake wa pale mwaloni walikuwa wamewaanika chini kwenye nyavu, eneo kubwa, na mume wangu akatembea huku macho yakiwa kwenye kioo cha simu. Video hiyo bado ninayo. Ziwa linang'aa, dagaa wanapita chini ya kamera taratibu, picha haitikisiki hata chembe, na sauti za wenye dagaa zinamtukana kwa Kizinza, Kisukuma na Kiswahili kwa zamu. Tulilazimika kuwanunua wote aliowakanyaga. Yeye aliwafuta sauti wale wanawake, akaweka muziki wa kinanda, akaituma kwenye kundi la familia.

Haya yote ningeyavumilia. Mume ana mengi, na gimbo haikuwa mbaya kuliko yale ya nyuma, ukianzia na ufugaji wa sungura. Nililokasirikia ni jubilei ya wazazi wangu.

Wazazi wangu ni wakulima huko Ushirombo, na mwaka huo walikuwa wanatimiza miaka hamsini ya ndoa. Baba ana kisukari, na miguu ilikuwa imeanza kumkana. Hospitali walishatuambia tutafute kiti cha magurudumu. Baba alikubali kila kitu isipokuwa jambo moja: siku ya jubilei, baada ya Misa, atatoka altareni hadi mlangoni na mke wake kwa miguu yake, bila fimbo, kama alivyotoka siku ya kwanza.

Mama aliniambia la kwake tukiwa tunachagua mchele. "Siku ile hatukupata picha," alisema. "Mpiga picha alilewa, filamu ikaungua yote. Safari hii nataka video. Baba yako akishakaa kwenye hicho kiti, niwe na mahali pa kumwona anatembea." Akaendelea kutoa mawe kwenye ungo. Mimi ndiye niliyekwenda kulia nyuma ya banda la kuku.

Nilimwambia mume wangu, na hapo nikawa nimejichongea. "Niachie mimi," akasema, na akanieleza namna picha itakavyotoka, habari za mwanga na hatua na mzunguko. Kwetu anayerekodi siku zote ni mdogo wangu. Ana simu yenye kioo kilichopasuka, na video zake zinatikisika kama zimechukuliwa juu ya bodaboda, lakini watu wanaonekana na unajua nani alilia na nani alikula mara mbili. Mume wangu alimwambia safari hii apumzike. Tena akamwomba katekista atangaze kanisani kwamba mtu yeyote asinyanyue simu wakati wazee wanatoka, maana zitaingia kwenye picha yake.

Hapa lazima niseme habari ya mama na mkwe wake. Mama ni mtu wa zamani. Kwake mkwe wa kiume hatazamwi usoni, huli naye chakula, hupishani naye kwenye njia nyembamba. Vijana wa mjini wamekwisha acha mambo hayo, wengine wanapiga hadi selfi na mama wakwe zao, lakini mama yangu hajaacha. Tangu nilipoolewa hajawahi kumwangalia mume wangu machoni. Akimwona anakuja, anavuta kanga mpaka puani na kuzunguka nyumba. Ana maneno naye mengi tu, ila yote yanapita kwangu. "Mwambie mgeni chai iko mezani," atasema kutoka nyuma ya mlango, na mgeni amekaa upande wa pili anasikia kila kitu. "Mwambie mama asante," atajibu mgeni. Mimi nakaa katikati kama mnara wa simu.

Sasa gimbo ina kitufe cha kufuata uso. Ukikibonyeza, gimbo ikashika uso wa mtu, kichwa chake kinamfuata popote anapokwenda. Siku moja kabla ya jubilei mume wangu alikuwa uani kwa wazazi wangu anafanya mazoezi, magoti yamekunjwa, mama akatoka jikoni na beseni. Gimbo ikamshika. Mama alipogeuka kushoto, ikageuka kushoto. Aliporudi kulia, nayo ikarudi. Akavuta kanga, akajibanza nyuma ya pipa la maji, kifaa kikabaki kimelikodolea macho pipa, kinasubiri.

"Mwambie mgeni hiyo nyoka yake inanifuata," mama alisema kutoka huko.

"Mwambie mama ni teknolojia," akajibu mume wangu.

Shangazi yangu, aliyekuwa amekaa kizingitini, aliutazama ule mwendo kwa muda mrefu, kisha akanivuta pembeni na kuniuliza kwa huruma kama mume wangu ana funza.

Siku yenyewe kanisa lilijaa. Misa ikaisha, katekista akatangaza habari za simu, watu wakaziweka mifukoni kwa utii ambao sijawahi kuuona parokiani kwetu. Baba akasimama mbele ya altare. Akanipa fimbo yake, kama mtu anayempa mwenzake koti amshikie kidogo. Mama akamshika mkono. Kwaya ikaanza, wakapiga hatua, na mimi nikafuata nyuma yao na fimbo mkononi.

Mume wangu alikuwa mbele yao. Tulikubaliana ageuke, awaelekezee kamera na kurudi kinyumenyume mpaka mlangoni. Lakini kwanza alitaka utangulizi, kama wale wanaojirekodi mtandaoni. Akawapa wazazi wangu mgongo, akanyoosha mkono mbele, simu inamtazama yeye, akaanza kutembea. "Karibuni sana, ndugu watazamaji," akasema. Watazamaji wenyewe walikuwa mama yangu na sisi watoto wake, na wote tulikuwa nyuma yake.

Kati ya mabega ya wazazi wangu nilikiona kioo cha simu. Uso wake umejaa, unang'aa, umetulia kama picha ya kwenye kalenda. Na kando ya sikio lake, mdogo kama kidole, baba yangu anatembea.

Nilingoja ageuke. Alikuwa anaeleza Ushirombo iko wapi. Nikangoja. Akaingia kwenye habari ya yeye mwenyewe alivyofika ukweni mara ya kwanza. Sikuweza kupiga kelele kanisani, basi nikainua fimbo ya baba na kuizungusha juu, nikimaanisha geuka. Aliniona kwenye kioo. Akatabasamu, akanipungia mkono. Wanawake waliokuwa kwenye mabenchi walipoona binti anazungusha fimbo walidhani ndiyo furaha yenyewe, wakapiga vigelegele, na mmoja akanyanyua mwavuli wake akaanza kuuzungusha na yeye. Nimewahi kuwa na hasira maishani, lakini siyo ya kuitikiwa kwa vigelegele.

Tulipofika katikati ya kanisa baba aliyumba. Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho hakuna mwingine aliyekiona, kwa sababu mtandio wa mama ulikifunika kwa pembeni na mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nyuma. Mkono mmoja wa mama ulikuwa umepita mgongoni mwa baba, na ngumi yake imekamata koti. Hakulishika kwa mahaba. Alilikamata kama unavyokamata gunia linalotaka kuanguka kwenye mkokoteni. Kitambaa kilivutika, bega la mama likapanda, baba akasimama wima, wakaendelea. Uso wa mama ulikuwa mbele, sikuweza kuuona, lakini shingo yake ilikuwa inatoka jasho. Nilimpenda siku ile kuliko nilivyowahi kumpenda.

Wakafika mlangoni. Watu wakashangilia, baba akaketishwa, akaletewa maji. "Na hawa sasa ndio wazee wetu," mume wangu akasema, na hapo ndipo alipogeuza kamera. Alipata picha nzuri sana ya baba ameketi anakunywa maji. Imetulia kabisa.

Jioni alitufungulia video mimi na mdogo wangu. "Mmeona ilivyotulia?" akauliza, kabla hajaona tunavyomtazama. Mdogo wangu alitoka nje. Mimi nilimwambia mume wangu maneno ambayo sitayaandika hapa, kwa sababu watoto wangu wanajua kusoma. Alijaribu kutafuta namna ya kujikata yeye abaki baba, lakini kila alipokata lilibaki sikio. Mwisho akaikunja ile gimbo, akaifungia kwenye mkoba wake, akasema kwa sauti ndogo, "Nilijisahau." Nikamjibu kwamba hapana, hicho ndicho kitu pekee ambacho hakukisahau.

Asubuhi mama akaitaka video yake. Nikasema bado inatengenezwa. Akaenda kukaa barazani karibu na baba, akanyoosha mkono. Nikaifungua. Uso wa mume wangu ukajaa kwenye kioo, na mama akageukia ukutani kama aliyemwagiwa maji.

"Huyu mbona kajaa hivi?" baba akauliza.

Nikamweleza mama ukweli wote, nikiwa nimejiandaa kuona moyo wake unavunjika. Alisikiliza, uso bado ukutani.

"Amekaa upande gani?" akauliza.

"Katikati, mama. Baba yuko kushoto, karibu na sikio."

"Na huyo mgeni anahamahama?"

"Hahami."

"Hata kidogo?"

"Hicho kifaa kinamshika palepale mwanzo mpaka mwisho."

Akachukua upindo wa kanga yake, ileile anayojifunikia, akaukunja mara mbili na kuupeleka kwenye simu bila kutazama. Nikamwongoza: shusha kidogo, rudi kulia. Upindo ulipokaa sawasawa juu ya uso wa mkwe wake, akageuka na kutazama. Niliuliza kama nizime sauti. Akasema niiache, sauti ya mgeni ameizoea. Basi mume wangu akawa anaeleza kutoka chini ya kanga alivyofika ukweni mara ya kwanza, na kando yake, bila kuzibwa hata mara moja, baba yangu akatembea toka altareni mpaka mlangoni. Mkono wa mama haukuhitaji kusogea.

Nililia na nilicheka, na sijui kipi kilitangulia. Mume wangu, aliyekuwa anajizungusha karibu na gari, akaniita kwa mkono aulize mama kasemaje. Mama hakungoja nitumwe. "Mwambie mgeni imetulia," akasema.

Kiti kilikuja kabla ya mvua. Baba hainuki tena bila watu wawili, na fimbo yake imetundikwa ukutani barazani. Safari iliyopita nilipokwenda niliwakuta wamekaa pale, simu mapajani mwa mama, upindo wa kanga uko mahali pake, sauti ya mume wangu inawakaribisha ndugu watazamaji. Nikasimama nyuma yao kama nilivyosimama siku ile.

"Unaona?" baba alikuwa anamwambia. "Bila fimbo. Bila mtu."

Video hiyo ilichukuliwa kwa mbele, na haionyeshi ngumi. Mama aligeuza shingo, akanitazama juu ya kichwa cha baba, na mkono ule uliokamata koti ulikuwa umemziba mume wangu kwenye kioo.

"Bila mtu," akasema. "Hebu turudie."