Mkono Niliougeuza

Kazi yangu ni kuwafanya watu wa kuchora watembee. Nikisema hivyo hapa Kasongo, watu huniuliza kama hiyo ni kazi kweli au ni kisingizio cha kushika simu kutwa nzima. Nachora kwa kidole kwenye simu, picha kumi na mbili kwa kila sekunde, na nikizipitisha upesi mtu wangu anainua mguu. Nilijifunza peke yangu kwa kutazama video za wageni, nikaiga mpaka namna wanavyotikisa mabega. Matokeo yake, watu wangu wote walitembea kama watu ambao hawajawahi kushika jembe.

Muuguzi mmoja wa Kabambare akaniagiza filamu ya dakika moja kuhusu uji wa watoto. Mama anapika uji wa mahindi na karanga, anaonja, anampa jirani bakuli kwa ajili ya mtoto wake. Ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza ya kuagizwa. Picha ya mwisho ilinishinda, kwa sababu jirani alipaswa kusimama upande mmoja, na mimi nilikuwa nimeshamchora mama akielekea upande mwingine. Simu ina kitufe kinachogeuza mchoro kama kwenye kioo. Nikakibonyeza, kazi ikaisha. Usione vyaelea, vimeundwa, husema wahenga. Mimi nilitaka vielee kabla sijamaliza kuunda.

Kabambare nilifika kwa pikipiki, matope hadi magotini. Muuguzi alitundika shuka kwenye ukuta wa kituo cha afya, akina mama wakajaa chumba, Wakristo kwa Waislamu, watoto mgongoni. Filamu ilianza vizuri. Uji ulipochemka walicheka kwa furaha. Kisha mama wangu wa kuchora akanyoosha bakuli, na mwanamke aliyekaa mbele akapaza sauti:

"Hee! Ule mama anapana chakula na mukono ya kushoto!"

"Hawakumufundisha kwabo?" mwingine akadakia.

Nilikuwa nimegeuza kila kitu, na mkono wa kuume ukawa wa kushoto. Jambo hilo halikunipitia kichwani hata mara moja, mimi niliyechapwa vidole na mama yangu utotoni kwa kosa hilohilo. Mzee mmoja alifyonya, akatoka nje. Waliobaki walibishana juu ya adabu mpaka mwisho, na habari ya uji hakuna aliyeiuliza. Muuguzi alinipa siku kumi za kurekebisha. Nilirudi Kasongo nimejaa aibu na hasira, na hasira hiyo nilimmwagia dereva wa pikipiki, ambaye hakuwa na kosa lolote.

Sasa niseme juu ya mama yangu. Mwaka uliotangulia alipata kiharusi, kikamwachia mguu unaoburuta kidogo na mkono wa kuume uliokufa. Kupika aliendelea kupika, kwa mkono mmoja na matusi mengi kwa sufuria. Lakini mgeni akibisha hodi, mama alihamia nyuma ya nyumba na kuniambia mimi ndiye nimpe chakula: "Pana weye." Mwanamke ambaye kwake hakuna mgeni aliyewahi kuondoka na njaa, sasa aliwakwepa wageni kama mwizi. Hilo liliniuma kuliko ugonjwa wenyewe.

Nilimwonyesha filamu ili anicheke na tumalize. Hakucheka. Aliniambia niirudie, nikairudia mara tatu.

"Huyu mama, mukono yake ya kuume iko na nini?"

"Haina kitu, mama. Ni miye nilikosea."

Akatazama tena. "Iko sawa na yangu," akasema. "Umuache vile."

Kosa lenyewe ningelirekebisha kwa saa moja. Badala yake nilimwomba mama anipe bakuli la maji, kama vile mimi ni mgeni. Alikataa, akanitukana, kisha akanipa. Hapo niliona jambo ambalo video zote hazikunifundisha. Bega lilitangulia. Mkono wa kushoto, ule mzima, uliuendea kwanza ule uliokufa, ukaushika kifundoni na kuulaza juu ya tumbo, kama anayelaza mtoto. Ukatulia kidogo, ndipo ukarudi kuchukua bakuli. Adabu yote ilikuwa ndani ya ule utulivu mdogo. Nilimwomba arudie mara ishirini.

"Nitakufa juu ya filme yako," alilalamika, lakini alikwenda kujipaka mafuta usoni kabla ya kuanza tena.

Nilichora siku nane, na sijawahi kufanya kazi kwa furaha namna ile. Nikitoka sokoni nilisimama njiani kuwatazama wanawake wenye vikapu mgongoni, kamba imekazwa kwenye paji la uso, wanavyogeuka na mwili mzima kwa sababu shingo haina nafasi. Nilihisi kama nimeanza kuona jana tu.

Katika filamu mpya mama wa kuchora anaulaza mkono wa kuume uliokufa juu ya tumbo, anasema, "Munisamehe mukono ya kushoto," na jirani anapokea kwa mikono miwili. Muuguzi alinipigia simu baada ya kuionyesha. Alisema safari hii hakuna aliyebishana, akina mama walimwuliza karanga zinatiwa saa gani.

Jumapili moja baada ya ibada akaja mke wa mchungaji, rafiki wa mama wa siku nyingi, mtu anayejua makosa ya adabu ya mtaa mzima. Niliinuka kwenda kuchukua sahani. Mama alikuwa ameshatangulia. Alitoka jikoni na bugali na sombe ya majani ya muhogo kwenye sahani moja, akaitua mezani, akaulaza mkono wake juu ya tumbo, akaishika tena sahani. Nilijua mgeni huyu akikunja uso hata kidogo, mama hatatoka tena nyuma ya nyumba.

"Munisamehe mukono ya kushoto," mama akasema.

Mgeni alipokea kwa mikono miwili, akachungulia sahani.

"Dada, hii sombe kidogo hivi ni ya nani? Ongeza!"

Mama akacheka, akarudi jikoni kuongeza. Mimi nilikuwa bado nimesimama. Nikakaa.