Msaidizi Tuliyemfukuza kwa Maswali Yake

Vijana wakinijia siku hizi kuniuliza ni akili mnemba ipi nzuri ya kuandikia programu, hasira zinanipanda hata hawajamaliza kuuliza. Si kosa lao. Wamesoma mitandaoni kwamba hii ina kasi kuliko ile, ile haichoki kuliko hii, na wanadhani na mimi nina jedwali langu la kulinganisha. Nilikuwa nalo. Tulilichora kwa mikono yetu na tukajiona tuna akili.

Tulikuwa wawili, mimi na mwenzangu niliyesoma naye chuo, tumepanga chumba kimoja Ngara mjini, juu kidogo ya stendi. Tukapata kazi. Madaktari wa macho walikuwa wanakuja kwa siku nne kwenye hospitali moja Biharamulo, kuwafanyia upasuaji watoto wa wilaya zote mbili, Ngara na Biharamulo, wenye mtoto wa jicho, ule ukungu mweupe unaoziba mboni. Wahudumu wa afya wa vijijini walikuwa wameshawaandika watoto kwenye madaftari, wakapiga picha kurasa na kututumia. Sisi tulitakiwa tutengeneze programu ya kuzikusanya kurasa zote ziwe orodha moja safi. Asiyekuwemo kwenye orodha hafanyiwi upasuaji. Tuliambiwa hivyo kwa maneno hayo hayo, tukaitikia.

Kuandika programu wenyewe tuliona ni kujichosha bure. Kulikuwa na wasaidizi watatu wa akili mnemba, tukampa kila mmoja kazi ileile tuone nani atatufaa. Wa kwanza kazi yake ni kumalizia mstari uliouanza, basi. Wa pili unampa kazi nzima, anaingia mwenyewe kwenye mafaili, anaandika, anajaribu, anarekebisha, halafu anakuletea ripoti kwamba imekamilika. Wa tatu naye anafanya yote hayo, ila anauliza. Anauliza mno. Mwenzangu alibandika karatasi kubwa ukutani, akachora safu za kasi, makosa na bando lililotumika. Kila mara yule wa tatu aliposimama kuuliza, tulimwekea alama nyekundu kwenye safu ya makosa. Naam, swali tulilihesabu kuwa kosa. Mwenzangu akasema tunatafuta fundi, hatutafuti mwanafunzi, na mimi nikacheka kwa sababu nilikubaliana naye kabisa.

Siku ya pili ya majaribio yule wa tatu akasimama tena. Akaandika kwamba ameona wasichana watatu wenye majina yote mawili sawa na tarehe moja ya kuzaliwa, lakini mmoja ni wa Keza, mmoja wa Mbuba na mmoja wa Ngara mjini. Akataka kujua kama ni mtoto mmoja aliyeandikishwa mara tatu au ni watoto watatu. Mimi nilikuwa na njaa na bando lilikuwa linakaribia kuisha. Nikamwambia mwenzangu, "Huyu anatuchelewesha, mtoe." Akamtoa.

Yule wa pili hakuuliza kitu. Alimaliza kabla chai yangu haijapoa, akaripoti kwamba ameondoa majina yaliyojirudia na orodha iko safi. Tukamsifu, tukaituma orodha, tukaenda kula.

Madaktari walikuja, wakafanya kazi yao, wakaondoka. Siku tatu baadaye mama mmoja aliingia chumbani kwetu amebeba mgongoni msichana wa miaka minne. Alikuwa rika la shangazi zangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimeambiwa ninyi ndio wenye orodha."

Alikuwa ametoka Keza mpaka Biharamulo na mtoto wake, wakakaa kwenye benchi la hospitali siku zote nne wakisubiri kuitwa. Siku ya mwisho akathubutu kuuliza, akajibiwa kwamba mtoto wake hayumo na awafuate waliotengeneza orodha. Mtoto alinigeuzia uso nilipozungumza, lakini alikuwa anaifuata sauti tu. Mboni zote mbili zilikuwa nyeupe.

Nilifungua kompyuta nikaona. Wasichana watatu walikuwa wamefanywa mmoja, na aliyebakizwa ni wa Ngara mjini kwa sababu baba yake aliandikisha namba ya simu, kwa hiyo taarifa zake zilionekana kamili zaidi. Yule wa Mbuba niliambiwa baadaye kwamba baba yake mdogo aligombana mlangoni mpaka wakampokea. Huyu mama wa Keza hakuwa mgomvi. Alikaa kwenye benchi kama alivyoambiwa.

Sasa niseme kinachonikereketa. Mimi ni Mhangaza, nimezaliwa hapahapa. Kwetu mapacha hawatafutiwi majina. Anayetangulia kutoka ana jina lake, anayemfuata ana lake, na atakayezaliwa baada yao naye la kwake liko tayari. Ni hivyohivyo kila nyumba. Ongeza ubatizo, ambapo nusu ya wasichana wetu wanapewa jina la mama yake Yesu. Ongeza na wahudumu wetu, ambao wakikosa kadi ya kliniki wanajaza tarehe mosi Januari na kuendelea na safari. Watoto watatu wenye jina lilelile la pacha, la ubatizo lilelile na tarehe ileile hapa kwetu si ajabu, ajabu ni kwamba hawakufika kumi. Wadogo zangu wanaonifuata ni mapacha. Nimekua nikiliita jina hilo la pacha uani kila siku ya Mungu. Mashine ingejulia wapi mambo hayo? Moja ilijua kwamba haijui, ikaniuliza mimi niliyekuwa na jibu mdomoni, nikaifukuza. Nyingine haikujua na haikujali, nikaipa kazi.

Nilimweleza mama. Nilimwambia kompyuta ilidhani watoto watatu ni mmoja kwa sababu majina yanafanana.

"Kwani haijui mapacha?"

"Haijui, mama."

"Na wewe hukuwatazama?"

Nikasema sikuwatazama. Hakunitukana. Bora angenitukana, ningepata pa kushika. Mwenzangu akaingilia, eti makosa madogo ya data hutokea kwenye mfumo wowote, na hapo ndipo nilipolipuka. Nilimwambia akirudia kuliita dogo atatoka humo chumbani kupitia dirishani. Yule mtoto akaanza kulia kwa kelele zangu, nikanyamaza.

Kilichobaki ilikuwa rufaa ya hospitali kubwa Mwanza. Barua, foleni, tarehe ya kupigiwa simu, tarehe ikasogezwa, ikasogezwa tena. Ilituchukua miezi saba. Safari yenyewe nilikwenda nao, kwa sababu sikuona kwa sura gani ningebaki nyumbani.

Daktari wa Mwanza alimulika macho ya mtoto kwa muda mrefu. Akasema jicho la kulia atalifanyia kazi na anaamini litaona. Akarudi kwenye la kushoto, akalimulika tena, akazima tochi. Hilo hakuahidi kitu. Kisha akatugeukia, amekunja uso, na alikuwa na haki ya kuukunja.

"Mbona mmemchelewesha mtoto kiasi hiki?"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Mama alinitangulia, taratibu, macho yameinama kwa aibu.

"Ni jina lake, daktari," alisema. "Tulimpa jina linalosumbua."