Macho ya Nyuki

Mkutubi wa chuo, ambaye wanafunzi humwita Mama Rafu, ana mchezo wake. Kila mchana huchukua kitabu kisichoazimwa na mtu, huandika yaliyomo kwenye ensaiklopidia ya mtandaoni, na chini, kwenye tanbihi, hukitaja kitabu chenyewe. "Watakuja tu kukitafuta," husema.

Siku moja mhadhiri wa somo la wadudu aliingia maktaba amefura, kazi ya mwanafunzi mkononi.

"Dada, wameninukulia tena ensaiklopidia ya mtandaoni! Eti nyuki ana macho manne! Si ana matano? Nani kaandika upuuzi huu?"

"Mimi, Daktari," alijibu Mama Rafu bila wasiwasi wowote. "Ila sikutunga. Hebu soma tanbihi."

Mhadhiri akavaa miwani, akasoma kwenye kompyuta ya mkutubi. Iliyotajwa pale ilikuwa tasnifu yake mwenyewe, ukurasa wa arobaini, iliyokaa rafuni miaka ishirini.

Akaangua kicheko mpaka machozi yakamtoka. Akavuta kiti, akaketi mbele ya kompyuta.

"Haya dada, nionyeshe pa kurekebisha," alisema, bado akijifuta machozi. "Lakini kumbe kuna mtu aliisoma!"