Kengele ya Upande wa Kushoto

Gari letu la zamani lilipokufa, Tata, yaani baba yangu, alitaka lingine kabla ya Jumamosi. Ni mwalimu mstaafu, anaishi nami Bukoba, na kila Jumamosi huendesha mwenyewe hadi Muleba kumwona dada yake, mimi nikiwa pembeni. Muuza magari alikuwa na mawili ya aina moja, yote yametumika Japani. Moja lilikuwa na kamera juu ya kioo cha mbele: linalia ukitoka kwenye mstari, linalia ukimkaribia mtu, na ukizubaa linashika breki lenyewe. Tofauti ya bei ingetosha kuezeka upya nyumba yetu ya shambani Izigo. Mimi ni mbishi wa bei. Nilimwambia muuzaji silipii kengele ambayo sijaisikia ikilia, naye, kwa kuwa aliwahi kufundishwa na Tata, akatuachia gari siku nzima.

Saa mbili asubuhi tulitoka Bukoba, Tata kwenye usukani, mimi kushoto kwake na daftari. Hatujamaliza mji, sauti ya mwanamke ikasema jambo kwa Kijapani. Tata akamwitikia kwa salamu ya Kihaya, "Milembe, waitu," kwa heshima zote. Nilicheka, nikaandika kwamba huyo mama angalau ana adabu.

Kufika Kemondo kengele ilikuwa imelia mara tatu, na kila mara picha kwenye dashibodi ilionyesha gari limeegemea kushoto. Niliandika: makelele. Kuna sehemu mistari ya barabara imefifia, nikaona kamera inababaika. Isitoshe, Tata ni mtu wa salamu, kama tulivyo wengi huku. Kumpita mtu kimya ni kumtukana, kwa hiyo nilichukulia kwamba anasogea pembeni ili amsalimie. Nikaongeza chini yake: haijui desturi zetu.

Izigo tulifika saa nne kasoro. Hapo kengele ililia kuliko mwanzo, na breki zikashika zenyewe kidogo. Kushoto, karibu kabisa na dirisha langu, alikuwa amesimama katekista wetu, rafiki wa Tata tangu ujana wao, mkono juu. Tata alitazama mbele tu, akaendelea na safari.

"Gari hili linaogopa vivuli," alisema.

Niligeuka nyuma. Katekista alikuwa bado ameinua mkono. Nilifunga daftari, maana hofu ilikuwa imenishika na sikujua niandike nini.

Muleba, saa tano, shangazi Kokugonza alitukaribisha kwa kahawa ya kutafuna katika kikapu kidogo, kama anavyomkaribisha kila mgeni. Tulitafuna, tukaulizana habari za nyumbani. Kisha akasema lililokuwa likimkaa rohoni, kwa kuwa hamwogopi kaka yake. Watu wa Izigo wanalalamika, alisema. Wanasema mwalimu siku hizi anaringa, anawapita kama anapita miti.

Tata alianza kukasirika. Nikaona nikinyamaza nitakuwa nimemdanganya.

"Tata, leo umempita katekista. Alikuwa kushoto, amekupungia mkono."

"Sikumwona."

"Gari lilimwona. Ndiyo maana lililia."

Alitafuna punje yake mpaka ikaisha. Alipoinua uso alimtazama dada yake, si mimi.

"Nilidhani wao ndio wameacha kunisalimia," alisema. "Mwaka wa pili huu. Nilikuwa najiuliza nimewakosea nini."

Shangazi alimshika mkono. Mimi nilitoka nje nikasimama kwenye migomba, nikalia. Nilimhurumia, lakini zaidi nilijionea aibu. Jumamosi zote hizo nilikaa kushoto kwake, macho yangu mawili mazima, nikamwona anawasogelea watu, nami nikasema huyo ni baba yangu na salamu zake.

Saa tisa alasiri, wakati wa kurudi, Tata alinipa ufunguo bila kuombwa. Niliendesha polepole, lakini sikuwa na akili ya barabarani. Kila mara nilimtupia jicho la pembeni nione kama amevunjika moyo. Kabla ya Izigo kengele ikalia. Mbele yetu mtu alikuwa akisukuma baiskeli iliyofunikwa na mikungu ya ndizi. Nilikanyaga breki na kukuta gari limeshaanza kushika. Hakuna aliyeumia.

Bukoba tulifika jioni, na muuzaji akauliza tumeamuaje. Nilimwambia tunalichukua lile lenye kamera, ila dereva ni mimi. Sikusahau kasoro zake: mistari ikififia linababaika, na muuzaji mwenyewe alikiri kwamba kioo kikijaa tope halioni kitu. Lakini siku hiyo lilisema kweli mara nyingi kuliko mimi. Nililipa kwa sababu na mimi huzubaa, wala si ili Tata aendelee kuendesha. Kengele inakwambia kuna jambo. Ukishazoea kuitafutia visingizio, hata ya bure ni ghali.

Daktari wa macho niliyempeleka Tata kwake alisema ni presha ya macho, na imekula zaidi upande wa kushoto. Kilichopotea hakirudi, kilichobaki kitalindwa kwa matone ya kila siku. Tata alisikiliza kama mwanafunzi, akauliza maswali mawili, akashukuru.

Jumamosi iliyofuata nilisimamisha gari Izigo, mbele ya nyumba ya katekista. Tata alishuka, akageuza uso wote kumtafuta mpaka akampata.

"Nilikuwa sikuoni," alimwambia.

Walishikana mikono wakakaa hivyo mpaka mimi nikaona nizime injini.