Ukuta wa Muoka Donati

Muoka donati wa mtaa wetu hapa Winnipeg ana vidole gumba visivyotulia. Hata akinyunyiza sukari, vinabonyeza vitufe visivyokuwepo. Donati za asubuhi zikishaiva, anawasha runinga ya dukani na kuanza kuucheza mchezo wake mpya wa video huku akiutukana. Katika ule wa zamani, ukimkimbiza shujaa wako kwenye ukuta wa ghala, alipenya na kuanguka nje ya dunia. Ilikuwa hitilafu tu, lakini mashabiki waliipenda kuliko mchezo wenyewe. Katika huu mpya watengenezaji wameziba kila mahali, naye hajawasamehe. Kila siku anajaribu ukuta mwingine, anagonga, anasonya.

"Dada, si uuache kama ni mbaya hivyo?" Friesen, mteja wake wa kila siku, alimuuliza jana.

"Niuache? Nimeusubiri tangu wewe ulipokuwa na nywele kichwani!"

Akaugonga ukuta wa zizi la mbuzi. Shujaa akapenya, akaanza kuporomoka kwenye anga tupu isiyo na mwisho. Muoka akarusha mikono juu, unga ukatumwagikia sote.

"Mbovu!" akapiga kelele, machozi yakimtoka kwa kicheko. "Jamani, mbovu kama zamani!"