Zikipoa Zinavunjika

Mpunga niliouloweka jana unapasukapasuka chunguni, na harufu yake imejaa jiko hili la ughaibuni.

Ndiyo harufu ya uani kwetu, Umwe. Bibi alikuwa akikaanga mpunga mchanga, nami na mama tukiutwanga ungali moto, mpaka punje zilale bapa ziwe pepeta. Siku moja mgeni kutoka mjini alimwelekezea bibi kamera, akamtaka aache kazi acheze ngoma, ili watu wawaone Wandengereko halisi.

“Ngoma ina siku yake, baba,” bibi alimwambia. “Hizi zikipoa zinavunjika. Shika mchi.”

Akashika. Jasho likamtoka.

Sasa mwenyekiti wa Watanzania wa mji huu amesimama mlangoni na shuka jekundu, kwa ajili ya maonyesho ya mataifa jioni.

“Vaa hili, dada, uruke kidogo jukwaani. Wenyeji wanatujua kwa Umasai.”

“Kwani wewe Mmasai?”

“Mimi wa Tanga. Lakini tusiporuka, watatujuaje?”

Mpunga umeshaiva. Naumimina kinuni, shuka lake naliweka kitini, yeye nampa mchi.

“Watatujua kwa pepeta hizi,” namwambia. “Twanga, kaka, zinapoa.”